Mama mkwe anataka nifute jina la marehemu mama mkononi kabla ya ndoa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mbagala Rangi Tatu na nauza vitenge Kariakoo kwenye fremu ninayochangia na mwenzangu. Ni Muislamu. Baba yangu ni Mmakonde wa Newala. Mama alikuwa mtu wa Masasi, akasilimu alipoolewa, ila wadogo zake wote ni Wakristo mpaka leo. Nakueleza haya kwa sababu kila upande sasa una neno lake kuhusu mkono wangu.

Mama alifariki mwaka 2019 kwa ugonjwa wa figo. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji wodini asubuhi kabla sijaenda dukani. Baada ya msiba nilichanganyikiwa. Usiku nilikuwa napiga namba yake huku najua simu iko kabatini, imezimwa. Siku moja nikapanda gari mpaka Sinza kwa kijana anayechora tatuu, nikaandikwa jina la mama upande wa ndani wa mkono wa kulia, chini ya kiwiko, na chini yake mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa. Sikumuuliza mtu. Hata sindano sikuangalia kama ni mpya.

Baadaye nikaanza kuhudhuria darsa za akina mama hapa mtaani, nikavaa hijabu, nikajua kuwa nilichofanya hakifai. Nikatubu, nikawa navaa mikono mirefu, mambo yakaisha. Nilivyodhani mimi.

Mwaka huu nimeposwa na kijana wa Temeke. Yeye nilimwonyesha toka mwanzo, akasema hayo yamepita. Mahari imeletwa, ndoa imepangwa baada ya Idi. Siku ya hitima ya babu yao nilikwenda kusaidia jikoni. Nikakunja mikono ya baibui kuosha masufuria, mama mkwe akaja kuchota maji akaona. Hakusema kitu mbele ya watu. Kesho yake akanipigia simu. Alisema mtu mwenye tatuu hana udhu, kwa hiyo hana swala, na akifa haoshwi wala haswaliwi. Akasema yeye hataki laana nyumbani kwake: nifute kabla ya ndoa, la sivyo mahari irudi. Wifi mkubwa ameshanitafutia mtu Tandika anayefuta kwa maji ya betri, elfu thelathini.

Mama mdogo wa Masasi naye amesikia. Yeye ameokoka. Alinisomea Mambo ya Walawi kwenye simu, akasema nimejiwekea alama ya mfu, nimemfunga mama yangu asipumzike, na nimefungulia mizimu mlango. Anataka Jumapili nipelekwe kwenye maombezi.

Nakaa na bibi mzaa baba. Usoni ana chale za Kimakonde, mashavuni na kwenye paji, na mdomo wa juu bado una tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo alichovaa mdomoni usichanani. Swala tano hazimpiti. Nilimuuliza, bibi, wewe hukuambiwa ufute? Akanijibu: "Nilichanjwa sijajua kusema hapana. Nifute na nini?"

Shangazi, tangu ile simu nikitawadha nasugua mkono kwa jiwe la miguu mpaka panatoka damu. Sasa nimeacha hata kuswali, naona najisumbua bure. Mchumba wangu tukiwa wawili ananiambia nisijali, akiwa mbele ya mama yake ananyamaza. Nifanye nini? Na je, ni kweli nimemfunga mama yangu?

Binti wa Rangi Tatu

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Miaka imepita lakini nikisoma barua yako naona msiba bado mbichi, na hakuna aliyekaa na wewe ukauongea ukaisha.

Usiende Tandika. Nasema hili kabla ya mambo ya swala na mama mkwe kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibu wiki hii. Maji ya betri ni asidi ya salfuri. Wino wa tatuu haukai juu ya ngozi: sindano imeupeleka kwenye tabaka la pili, chini ya lile linalopukutika kila siku, na huko mwili umeushika usitoke. Ndiyo maana haufutiki kwa kusugua. Asidi inapomwagwa inaanza kuunguza juu na haina breki, inaweza kuishia kwenye ngozi au ikafika kwenye mishipa na kano za mkono, na mara nyingi ukipona wino bado unaonekana chini ya kovu. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna tabia ya kupata keloidi, kovu linalotutumka likawa kubwa kuliko kidonda chenyewe. Utatoka na jina la mama lililosagika na mkono usiokunjuka vizuri, na mama mkwe atakuwa na kingine cha kuuliza. Huyo wifi mkubwa mshukuru kwa kukuhangaikia, umwambie hapana. Na lile jiwe la miguu liache leo. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, na kisipofunga au kikianza kutoa usaha nenda kituo cha afya.

La pili, rudi kwenye swala. Usisubiri jibu la mtu yeyote, hata langu. Waliokwambia huna swala wamekufanya uache kabisa nguzo ya dini kwa kuogopa wino, na hapo ndipo hasara kubwa ilipo.

Sasa tuseme ukweli wote, maana sitaki nikufariji kwa kukuficha. Kwa wanazuoni wa Kisunni kwa jumla, tatuu ya kudumu ni haramu. Hili halina kona. Katika Bukhari na Muslim, vitabu viwili vikuu vya hadithi, imepokewa kutoka kwa masahaba Ibn Umar na Ibn Mas'ud, Mwenyezi Mungu awe radhi nao, kwamba amelaaniwa mwanamke anayechora na anayeomba kuchorwa. Kuna na kisa chake. Mwanamke mmoja wa Bani Asad, Ummu Yaaqub, alipoyasikia maneno hayo kwa Ibn Mas'ud alimwendea akamwambia: mimi nimesoma Kur'ani kati ya jalada na jalada, sikuliona hilo unalosema. Ibn Mas'ud akamrejesha kwenye Suratul Hashr, aya ya 7, kwamba anachowapa Mtume kichukueni na anachowakataza kiacheni. Nakikumbuka kisa hiki kwa sababu yule mama hakukemewa kwa kuuliza. Alijibiwa kwa hoja. Nawe una haki hiyo hiyo ya kujibiwa kwa hoja, si kwa vitisho vya simu.

Hadithi hiyo hiyo haikusema tatuu peke yake. Imetaja wanaonyonyoa nyusi na wanaochonga meno wapate mwanya kwa ajili ya urembo, wakiibadili sura aliyoiumba Mwenyezi Mungu, na riwaya nyingine zikaongeza wanaounga nywele. Nenda kwenye harusi yoyote ya Jumamosi hapa Dar es Salaam uangalie nyusi na mawigi. Sisemi hivi ili wewe upate pa kujifichia. Nasema kwa sababu nimeona mara nyingi binti anasimamishwa peke yake uwanjani kwa dhambi moja huku wanaomzunguka wamesimama ndani ya hadithi ile ile. Ingekuwa vizuri tukaisoma yote, kila mtu na sehemu yake.

Twende kwenye udhu. Udhu ni maji kufika juu ya ngozi. Rangi ya kucha inazuia kwa sababu imekaa juu kama utando. Tatuu haiko juu, iko ndani, na maji yanapita kwenye ngozi yako kama yanavyopita kwenye mkono wa mtu mwingine. Kwa hoja hiyo wanazuoni wanasema tatuu haizuii maji ya udhu.

Lakini mama mkwe hakulitoa hewani neno lake, na ni haki yake tuseme limetoka wapi. Sisi huku pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii. Katika vitabu vya zamani vya Kishafii mahali palipochorwa huhesabiwa kuwa pana najisi, kwa sababu damu imetoka na kuchanganyika na rangi kisha ikafungiwa ndani. Kutokana na hapo wakasema ni wajibu kuiondoa. Watu wengi wamelishika neno la nusu ya kwanza na kuliacha la pili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria na ambaye ni nguzo ya madhehebu haya, ameeleza kwenye ufafanuzi wake wa Sahih Muslim: ikiwezekana kuondolewa kwa matibabu, basi iondolewe. Ikiwa haiondoki ila kwa kujeruhi, na mtu akahofia kupoteza kiungo, au kiungo kushindwa kazi yake, au kubaki na ubaya wa wazi kwenye kiungo kinachoonekana, basi si wajibu, na akitubu hana dhambi. Mkono ulioungua kwa asidi unaingia humo wote. Kwa hiyo anayekwambia ukaunguze mkono kwa jina la dini anakwambia jambo ambalo Imam Nawawi mwenyewe amesema si wajibu. Na Suratul Baqara aya ya 195 inakataza tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe.

Sasa, siku za Imam Nawawi hakukuwa na mashine za leza. Leo zipo. Mwanga wake unauvunja wino vipande vidogo sana, mwili ukavibeba wenyewe taratibu. Wino mweusi ndio unaoitikia vizuri zaidi, wa kijani na wa njano ni msumbufu. Haimalizwi kwa siku moja: ni vipindi kadhaa, na kati ya kimoja na kingine hupita wiki kadhaa ili ngozi ipone, kwa hiyo mtu asikuahidi kwamba utakuwa umemaliza kabla ya ndoa. Kwa ngozi nyeusi mashine yenyewe lazima iwe ile inayofaa na anayeishika awe anajua kazi, vinginevyo unabaki na doa jeupe au hiyo keloidi. Gharama nayo si ya vitenge viwili.

Ndiyo maana nakushauri upange hatua zako hivi: daktari kwanza, sheikh baadaye. Omba rufaa ya kumwona daktari wa ngozi, Muhimbili kwa mfano. Mwonyeshe mkono, mwonyeshe na makovu yako ya zamani, hata ya chanjo, aone ngozi yako inavyopona. Muulize waziwazi: hii inaweza kutoka bila kuniachia madhara? Jibu lake ulipeleke kwa sheikh unayemwamini, wa msikiti wenu au pale BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, Kinondoni, umwambie daktari amesema hivi na mfuko wangu una hiki. Sheikh hawezi kujua kama ngozi yako itaharibika, na daktari hawezi kukupa hukumu. Ukienda kwa mmoja bila mwingine utapata nusu ya jibu, na nusu za majibu ndizo zilizokufikisha hapa.

Ukiwa huko hospitali pima homa ya ini, aina B na C, na VVU pia. Sindano hukuiona kama ni mpya, na magonjwa hayo hupita kwenye sindano na hata kwenye kikombe cha wino kinachochangiwa na watu. Yote mawili ya ini yanaweza kukaa mwilini miaka mtu asijue. Ukikutwa huna B, omba chanjo yake. C haina chanjo lakini ina dawa. Mchumba wako naye apime, maana mnakwenda kuoana.

Kuhusu kutokuoshwa na kutoswaliwa ukifa: hapana. Muislamu mwenye tatuu anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa kama Muislamu mwingine. Swala ya jeneza tunamwombea maiti msamaha, na maiti asiye na dhambi ya kuombewa yuko wapi? Wewe umeshatubu toka ulipojua. Suratuz Zumar aya ya 53 imewaita waliojidhulumu nafsi zao, ikawaambia wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, kwani yeye husamehe dhambi zote. Na kuivalia mikono mirefu hukukosea wala hukumdanganya mtu. Aliyefanya kosa akatubu hufundishwa alisitiri. Aliyepaswa kujua kabla ya ndoa ni mwenzio, na yeye anajua.

Nakuja kwa mama mdogo. Huyu namuonea huruma zaidi kuliko unavyodhani, kwa sababu aliyekufa ni dada yake. Andiko alilokusomea lipo, Walawi 19:28: "Msichanje chale yo yote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu." Na nikiwa mkweli, wengi wanaochora ua au nyota wanaweza kusema haliwahusu, lakini wewe umechora jina la marehemu, kwa hiyo andiko limekukaribia kuliko wao. Mataifa yaliyowazunguka Waisraeli yalikuwa yakijikata miili katika kuomboleza, na Kumbukumbu la Torati 14:1 inarudia katazo hilo hilo kwa ajili ya aliyekufa. Lilikuwa ni kuwatenga Waisraeli na maombolezo ya namna hiyo. Hakuna mahali panaposema kwamba mwenye kuandikwa jina amemfunga marehemu, wala kwamba marehemu amegeuka mzimu. Hilo limeongezwa njiani.

Hata Wakristo wenyewe hawako pamoja katika hili. Makanisa mengi ya kiroho hapa mjini yanakataza kabisa, yakisimama kwenye 1 Wakorintho 6:19 kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Wakopti wa Misri, Wakristo wa tangu karne za mwanzo, huchorwa msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, wengi wakiwa bado watoto, na huko Ethiopia wako kina mama wa Kiorthodoksi wenye msalaba kwenye paji la uso. Mahujaji wa Kikristo wanaokwenda Yerusalemu wamekuwa wakirudi na alama hiyo kwa karne nyingi. Upande wetu pia, wanazuoni wengi wa Shia Ithnaasheri hawaihesabu tatuu kuwa haramu kwa yenyewe. Nakutajia ili ujue kwamba alama si mkataba na shetani. Hukumu ya madhehebu yako inabaki pale nilipoieleza.

Mwambie mama mdogo: asante kwa kunijali, niombee hapo ulipo. Kwenye maombezi si lazima uende, wewe una dini yako na toba yako umeshaileta. Ila usimkatie simu. Mkae siku moja mumzungumze mama, alivyokuwa msichana huko Masasi. Nadhani na yeye hajapata wa kumlilia.

Umeuliza kama umemfunga mama. Hujamfunga, mwanangu. Roho ya marehemu iko barzakhi, maisha ya baada ya kufa kabla ya Kiyama, kwa Mola wake, haikai kwenye wino wa Sinza. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea. Hii imo kwenye Sahih Muslim. Huyo mtoto ni wewe. Ulipoacha kuswali umeacha na ile dua unayomwombea baada ya swala. Kama kuna kitu mama yako amekikosa wiki hizi, ni hicho. Unaweza pia kumtolea sadaka, hata ndoo za maji msikitini au msaada kwa mgonjwa wa figo anayeshindwa nauli ya kwenda kusafishwa damu. Hali hiyo wewe unaijua kuliko mimi.

Bibi naye amekujibu vizuri kuliko wengi wetu. Imam Nawawi huyo huyo anasema mtoto akifanyiwa, dhambi ni ya aliyemfanyia, si ya mtoto. Wazee wa rika la bibi yako, kutoka Newala hadi Masasi, wameingia misikitini na nyuso hizo hizo, na wengine wamebatizwa nazo na wamisionari, Waanglikana waliofika Masasi mwaka 1876 na Wabenediktini waliofungua Ndanda mwaka 1906. Wakawa maimamu, wakawa wazee wa kanisa, na wajukuu zao ndio hawa mnaopanda nao gari moja Rangi Tatu. Tena si Wamakonde tu. Watu wangapi hapa mjini wana chale za dawa kifuani au kwenye vifundo, walizochanjwa kwa wembe wakiwa wachanga, zikapakwa unga mweusi mpaka leo zinaonekana? Kuchoma, kutoka damu, kutia rangi: jinsi inavyofanyika ni sawa na ile waliyoieleza wanazuoni. Hatujawahi kusema watu hawa hawana udhu.

Tubaki na mama mkwe. Usimjibu kwa hadithi, hata kama sasa unazo. Mkwe hajibizani na mama mkwe, hasa kabla ya ndoa, na wewe hutaki kuingia nyumba ile kama mshindi wa mabishano. Hofu yake nyingine si ya dini, ni ya majirani. Hapa mjini tatuu bado inabeba jina la uhuni, na hata matangazo ya ajira ya Polisi huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini. Anaogopa kusemwa. Hofu hiyo inatulizwa kwa heshima na kwa mtu sahihi kumwendea.

Mtu wa kwanza ni mwanawe. Kijana anayekwambia usijali gizani na kunyamaza mwangani anakuachia mzigo ambao ni wake. Mwambie hivi, kwa utulivu: nilikuonyesha toka mwanzo, ukakubali, nenda kamwambie mama yako kwamba ulijua na ulikubali. Neno hilo moja litampunguzia mama mkwe hasira kuliko lolote utakalosema wewe, kwa sababu huenda anadhani umemdanganya mwanawe. Mtu wa pili ni mshenga. Alikuja kuleta posa kwa adabu, basi aende na neno kwa adabu: binti ametubu, anaonana na daktari, na anaomba mama aambatane naye kwa sheikh wakasikilize pamoja. Hilo la kwenda pamoja nalisisitiza. Akilisikia kwa sheikh mwenyewe hatakuwa ameshindwa na mtoto, atakuwa amepata fatwa.

Na baba yako Newala ajulishwe. Yeye ndiye walii wako, mwenye haki ya kukuozesha, halafu unaachwa upambane peke yako na ukoo mzima kwa simu. Nguzo za ndoa kwa Mashafii ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na matamko ya kuozesha na kukubali. Ngozi isiyo na alama haimo. Posa wana haki ya kuivunja, kwa sababu posa si ndoa, na wakiivunja mahari itarudi na wewe utaumia lakini utapona. Wasichokuwa na haki nacho ni kukuunguza mkono ili posa isimame.

Akikataa mchumba wako kwenda kwa mama yake, nisikilize vizuri: iahirishe ndoa. Mume utaishi naye na mama yake atakuwepo. Leo ni mkono, kesho itakuwa ni mtoto, keshokutwa ni biashara yako ya Kariakoo. Mwanamume anayempenda mama yake na bado akaweza kumwambia ukweli, huyo olewa naye hata kama mama amekasirika mwezi mzima.

Kufuta au kutofuta, uamuzi huo ukishatoka kwa daktari na sheikh, ni wako kuutekeleza. Ukifuta kwa leza hujamfuta mama. Ukiambiwa usiguse, isitiri na uendelee na maisha yako. Picha zake unazo, na dua ziko mdomoni mwako.

Jambo la mwisho ni la siku ya singo, ya kusuguliwa mwili kabla ya harusi. Somo wako, mama anayekufunda, atakusugua mikono yote, kwa hiyo mwambie mapema, mkiwa wawili, asije akashtuka mbele ya mawifi. Watakaokwambia wapachore ua kubwa la piko juu pasionekane, kataa. Piko nyeusi ya siku hizi mara nyingi ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoitwa PPD inayoweza kukutoa malengelenge na kukuachia kovu, na wewe hapo umeshapachubua na jiwe. Taka hina ya majani, ipakwe viganjani na miguuni, na sehemu hiyo ya mkono iachwe ipone.

Shangazi